Hadhira Tuli Mbele ya Tarakilishi: Kihifadhi Skrini na Uonyeshaji wa Video katika Linux

Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kuigawa hadhira katika makundi mawili. Kuna hadhira tendi, ambayo humwitikia fanani, huimba naye, humuuliza maswali na hata humkatiza. Kuna pia hadhira tuli, ambayo hutazama na kusikiliza bila kusema wala kutenda lolote. Hakuna mhakiki anayedai kwamba hadhira tuli haipo. Ukimya wake ndio namna yake ya kuhudhuria, na fanani hodari huusoma ukimya huo kama anavyoisoma sauti.

Tarakilishi haina ujuzi huo. Kwayo, mtu asiyegusa kibodi wala kipanya ni mtu aliyeondoka. Anayetazama filamu kwa makini kiasi cha kusahau mikono yake huhesabiwa sawa na aliyetoka kwenda sokoni. Baada ya dakika chache za utulivu huo, kiwambo huwa cheusi, au picha za mapambo huanza kuelea mahali palipokuwa na mhusika mkuu. Tatizo hili hujitokeza katika mifumo endeshi mingi, lakini katika Linux limekuwa na historia ndefu na masuluhisho ya aina nyingi, mengine yakipingana.

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo, yanafafanua jinsi mfumo unavyoupima utulivu wa mtumiaji, na yanalinganisha njia zinazotumika kulikabili. Msimamo unaotetewa ni mmoja: dawa ya kihifadhi skrini si kukiua, bali ni kukifahamisha kwamba hadhira ipo. Aidha, makala yanagusia suala la istilahi, kwa kuwa jina la Kiswahili la chombo hiki lina mchango wake katika namna watu wanavyokielewa.

Muktadha wa tatizo

Katika mitaa ya Nairobi, suala hili si la nadharia tupu. Riruta Satellite na Kawangware, na pia Kibera iliyo upande wa pili wa Barabara ya Ngong, ni mahali ambapo kutazama filamu kwa muda mrefu kumekuwa shughuli ya pamoja. Kibanda cha video hakihitaji mengi: chumba kimoja, mabenchi, pazia zito la kuzuia mwanga mlangoni, vipaza sauti na chombo cha kuchezea filamu. Mtazamaji hulipa shilingi chache, huketi, na hutarajia kuiona hadithi mpaka mwisho wake.

Sehemu kubwa ya mvuto wa vibanda hivi ni Kiswahili. DJ Afro amejipatia jina nchini Kenya kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, kama vile Lufufu alivyojulikana nchini Tanzania kwa kazi ya aina hiyo. Msimulizi huyo huwabatiza wahusika majina mapya, hutabiri mapigano, huwakejeli maadui na huizungumzisha hadhira. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hapo kuna fanani kamili, ingawa amerekodiwa.

Ichukuliwe sasa kwamba mwenye kibanda amenunua kipakatalishi cha mitumba, na fundi wa mtaani amekitilia Linux kwa kuwa haina ada ya leseni na yapo matoleo yake yanayoweza kuendeshwa na mashine kuukuu. Filamu inaanza. Hadhira imetulia, na kwa hiyo hakuna anayegusa kibodi. Adui anapoinua upanga, kiwambo kinazimika. Sauti haikatiki, kwa sababu kuzimika kwa kiwambo hakusimamishi mchezo wa video. Msimulizi anaendelea kueleza kwa shangwe pigano ambalo hakuna anayeliona. Mwenye kibanda anakimbilia kipanya, na endapo mfumo umejifunga, inambidi aandike nenosiri huku watu wote wakimtazama vidole.

Anachopoteza mtu huyu ni zaidi ya sekunde kumi na tano. Anapoteza imani ya wateja ambao kibanda jirani ki umbali wa hatua chache tu. Hali hiyo hiyo humkabili mwalimu anayeonyesha darasani rekodi ya tamthilia teule, kwani tanzia inayokatizwa kabla ya kilele chake hugeuka kichekesho. Humkabili pia kiongozi wa chama cha wanafunzi aliyeukodi ukumbi kwa saa mbili.

Asili ya kihifadhi skrini

Ili kuelewa kwa nini chombo kilichokusudiwa kusaidia kimekuwa kero, hapana budi kurejelea viwambo vya zamani, vile vizito vyenye tumbo kubwa la kioo. Ndani ya kioo hicho mlikuwa na utando wa unga maalumu uliotoa nuru ulipopigwa na miali ya elektroni. Picha moja isiyobadilika ilipokaa mahali pamoja kwa saa nyingi, siku baada ya siku, unga uliokuwa ukiwaka ulichakaa upesi kuliko sehemu nyingine. Matokeo yake yalikuwa kovu: kivuli cha picha ile kilibaki kikionekana hata baada ya picha yenyewe kuondolewa.

Kihifadhi skrini kilibuniwa kuzuia kovu hilo. Mtumiaji alipoiacha tarakilishi bila kuitumia, programu ilikifanya kiwambo cheusi au ilionyesha picha zinazotembea ili pasiwe na sehemu moja inayowaka muda wote. Mifumo ya jamii ya Unix, ambayo Linux ni mojawapo, iliurithi utaratibu huu kutoka kwa mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1992 Jamie Zawinski alitoa XScreenSaver, programu ambayo kwa miaka mingi imekuwa mashuhuri zaidi ya zote za aina hii katika Linux. Mwaka 1993 shirika la VESA lilitoa kanuni iitwayo DPMS, inayoiwezesha tarakilishi kukiamuru kiwambo kipunguze au kikomeshe matumizi ya umeme.

Viwambo bapa vya kioo kimiminika vilivyoenea baadaye havipati kovu kwa namna ya vile vya zamani, ingawa viwambo vya OLED bado vina udhaifu huo. Kwa hiyo, mara nyingi leo kihifadhi skrini hakihifadhi skrini hasa. Kinahifadhi umeme, na kinahifadhi siri za mtumiaji kwa kuufunga mfumo anapokuwa mbali. Kazi imebadilika, jina limebaki. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu anayedhani kwamba chombo hiki kinalinda kioo tu ataona ni sawa kukiondoa moja kwa moja.

Jinsi mfumo unavyoupima utulivu

Ndani ya mfumo kuna kipima muda. Kila mara kibodi inapobonyezwa au kipanya kinaposogezwa, kipima muda hurudi kwenye sufuri na kuanza kuhesabu upya. Kikifikia kikomo kilichowekwa, mfumo huamua kwamba mtumiaji hayupo. Katika mfumo wa X, kikomo cha kawaida kisipobadilishwa ni sekunde 600, yaani dakika 10. Katika eneokazi la GNOME, linalotumiwa na matoleo mengi ya Linux, kikomo cha kawaida ni sekunde 300. Ina maana kwamba filamu ya saa moja na nusu, katika kikomo cha dakika 10, inaweza kukatizwa hadi mara nane kabla ya kwisha, hata kama mwenye mashine anakiwahi kipanya kila mara.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kipima muda hiki hupima mkono. Hakipimi jicho wala sikio. Hakijui kama kuna picha zinazobadilika kwenye kiwambo, wala hakijui kama sauti inatoka. Mchezo wa video ni kazi nzito kwa mashine, lakini ni kazi inayotoka ndani ya mashine. Kipima muda hungoja ishara inayotoka nje. Ndiyo maana mashine inaweza kuwa inajibidiisha kuonyesha picha 25 kwa kila sekunde, na wakati huo huo ikaamua kwamba hakuna anayezitazama.

Isitoshe, kipima muda si kimoja. Kwa kawaida kuna hatua nne zinazoweza kumkatiza mtazamaji. Ya kwanza ni kihifadhi skrini chenyewe, yaani weusi au picha za mapambo. Ya pili ni DPMS, inayokipunguzia au kukizimia kiwambo umeme. Ya tatu ni kufungwa kwa mfumo hadi nenosiri liandikwe. Ya nne ni usingizi wa mashine nzima, ambapo hata sauti hukatika. Watu wengi huzima hatua moja, wakadhani kazi imekwisha, kisha wakashangaa kiwambo kinapozimika tena. Si kwamba mfumo umekaidi amri. Ni hatua nyingine iliyokuwa ikingoja zamu yake.

Njia tatu za kulikabili tatizo

Masuluhisho yaliyotumika tangu miaka ya 1990 yanaweza kuwekwa katika mafungu matatu: kuzima, kuitikia na kuomba zuio.

Njia ya kuzima ndiyo rahisi kueleza. Katika mfumo wa X, mtumiaji hufungua dirisha la amri na kuandika "xset s off" ili kuzima kihifadhi skrini cha mfumo, kisha "xset -dpms" ili kuzima kanuni ya umeme wa kiwambo. Amri "xset q" humwonyesha hali ilivyo. Ili kurejesha, huandika "xset s on" na "xset +dpms". Katika GNOME, njia iliyo sawa na hiyo ni kuingia kwenye mipangilio ya umeme na kuchagua kwamba kiwambo kisizimwe kamwe, au kuandika amri "gsettings set org.gnome.desktop.session idle-delay 0". Udhaifu wa njia hii ni kwamba inategemea kumbukumbu ya binadamu. Mwenye kuzima asipokumbuka kuwasha, mashine hubaki macho usiku kucha. Amri za xset husahaulika mtumiaji anapoingia upya kwenye mfumo, lakini mpangilio wa GNOME hudumu mpaka ubadilishwe.

Njia ya pili ni kuitikia. Katika utambaji wa hadithi, fanani anaposema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!" ndipo aendelee. Kihifadhi skrini nacho hungoja kuitikiwa, na kwa kuwa hadhira iko kimya, programu huitikia kwa niaba yake. Mchezaji video uitwao MPlayer ulikuwa na chaguo la kutekeleza amri fulani kila baada ya sekunde 30 wakati video inacheza. Amri hiyo iliweza kuwa "xscreensaver-command -deactivate", inayoiarifu XScreenSaver kana kwamba mtumiaji ameigusa mashine, na kipima muda kikarudi kwenye sufuri. Wengine waliandika programu ndogo zilizokisogeza kipanya kidogo kidogo. Njia hii ina heri moja: programu ya video ikikoma, maitikio nayo hukoma, na kihifadhi skrini hurejea kazini chenyewe. Lakini inabaki kuwa hila. Mfumo unaambiwa kwamba kuna mkono uliogusa, ilhali haupo.

Umuhimu wa hila hizo ulionekana hasa baada ya video za mtandaoni kuenea, YouTube ikiwa imeanza mwaka 2005. Video nyingi za wakati huo zilichezwa kwa Flash ndani ya kivinjari, na katika Linux Flash haikuwa ikiufahamisha mfumo kwamba video inaendelea. Watumiaji walilazimika kuandika programu ndogo zilizochunguza kila mara kama kuna dirisha la video lililojaza kiwambo. Flash ilikoma kuungwa mkono na waundaji wake mwishoni mwa 2020, na vivinjari vya sasa huweza kucheza video vyenyewe na kuufahamisha mfumo ipasavyo.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo bora, ni kuomba zuio. Hapa programu ya video haizimi chochote wala haiigizi mkono wa mtu. Hutuma ujumbe kwa mfumo kupitia D-Bus, njia ambayo programu za Linux hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Ujumbe huo husema, kwa ufupi: programu fulani inaomba kihifadhi skrini kisubiri, kwa sababu video inachezwa. Mfumo hukubali na hurudisha nambari, kama mtunza mizigo anavyompa abiria kipande cha karatasi. Video inapokwisha, programu huirudisha nambari ile, na zuio huondolewa. Iwapo programu itaanguka ghafla kabla ya kurudisha nambari, mfumo huona kwamba mawasiliano yamekatika, nao huliondoa zuio wenyewe. Hapa ndipo tofauti na njia ya kuzima inapodhihirika. Kuzima humtegemea mtu akumbuke. Zuio hujifuta lenyewe sababu yake inapotoweka.

Wachezaji video wengi wa leo, wakiwemo VLC na mpv, huomba zuio hilo bila mtumiaji kuagiza. Katika VLC chaguo hilo limo katika mipangilio ya video, na katika mpv hudhibitiwa na mstari "stop-screensaver" katika faili ya mipangilio. Kwa programu isiyojua kuomba, mtumiaji wa GNOME anaweza kuiombea kwa kuiendesha kupitia amri "gnome-session-inhibit --inhibit idle" ikifuatwa na jina la programu hiyo. Zuio hudumu muda wote programu ikiwa wazi. Kwa asiyependa amri, kuna programu ya Caffeine, ambayo alama yake ni kikombe cha kahawa. Kubonyeza kikombe hicho huufanya mfumo ukae macho mpaka kibonyezwe tena. Hata hivyo, kikombe kinachobonyezwa kwa mkono kinarejesha kasoro ya njia ya kwanza, kwani kinahitaji kukumbukwa.

Mabadiliko ya hivi karibuni

Mwongozo uliokuwa sahihi miaka kumi iliyopita unaweza usifae leo. Sababu kubwa ni kwamba matoleo mengi ya Linux yameuacha mfumo wa X na kuhamia Wayland, mradi ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Fedora ilifanya Wayland kuwa chaguo lake la kwanza mwaka 2016 kwa eneokazi la GNOME, na Ubuntu ikafanya hivyo katika toleo la Aprili 2021. Katika Wayland, amri za xset hazikitawali kiwambo kama zamani. Anayezinakili kutoka katika mwongozo mkongwe huenda asione kosa lolote likitajwa, na bado kiwambo kikazimika katikati ya filamu.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya fundi ni kutambua mashine inatumia mfumo upi. Amri "echo $XDG_SESSION_TYPE" hutoa jibu la neno moja: x11 au wayland. Jibu likiwa x11, amri za xset zinaweza kutumika, mradi ikumbukwe kwamba eneokazi lenyewe linaweza kuwa na kipima muda chake. Jibu likiwa wayland, afadhali mtumiaji ategemee mipangilio ya eneokazi na zuio linaloombwa na mchezaji video.

Hasara ya kuzima kabisa

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mwenye kibanda asizime kila kitu milele na kuepuka usumbufu wote huu? Swali hilo lina uzito, na kwa mashine inayoonyesha filamu tu, iliyo mikononi mwa mtu mmoja, huenda jibu likawa ni kuzima. Lakini mashine za mtaani mara nyingi zina kazi zaidi ya moja. Kipakatalishi kinachoonyesha filamu jioni huweza mchana kuwa cha kuandikia barua za maombi ya kazi, kuchapisha vyeti vilivyopigwa picha, au kufungua akaunti za wateja. Kiwambo kisichojifunga huacha barua pepe ya mteja wazi kwa yeyote anayepita. Kenya imekuwa na Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na hata bila sheria hiyo, siri ya mteja ni amana.

Kuna pia suala la umeme. Anayenunua umeme kwa tokeni huona mara moja gharama ya kiwambo kinachowaka bure. Betri ya kipakatalishi cha mitumba, ambayo tayari imedhoofika, haina nguvu za kuchezewa. Na ikiwa mwenye kibanda anatumia kiwambo cha OLED au kile cha zamani chenye tumbo, picha iliyosimamishwa kwa saa nyingi inaweza kuacha kovu lile lile ambalo kihifadhi skrini kilibuniwa kulizuia.

Kwa hiyo, zuio la muda linashinda kuzima kwa sababu linatimiza haki zote mbili: haki ya hadhira kutokatizwa, na haki ya mwenye siri kulindwa.

Namna ya kuhakikisha

Kabla ya kuwaita watazamaji, ni busara mwenye mashine aijaribu. Jaribio lenyewe ni fupi. Kwanza, aweke kikomo cha kipima muda kiwe dakika moja, au kikomo kidogo kabisa kinachoruhusiwa na mipangilio. Pili, acheze video kwa muda mrefu kuliko kikomo hicho bila kugusa chochote. Kiwambo kikibaki wazi, zuio linafanya kazi. Tatu, aifunge video na aiache mashine ilivyo. Kiwambo kikizimika baada ya muda uliowekwa, ina maana zuio limeondolewa ipasavyo. Nne, arudishe kikomo cha kawaida.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayotofautisha suluhisho na hila. Aidha, ifahamike kwamba mchezaji video mzuri huliachilia zuio video inaposimamishwa kwa muda. Mwenye kibanda anayesimamisha filamu ili akusanye pesa za walioingia kwa kuchelewa asishangae kiwambo kikizimika wakati huo. Kwa mantiki ya mfumo, onyesho limesimama.

Suala la istilahi

Linux imewahi kuzungumza Kiswahili. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizotafsiriwa, zikiitwa Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo wa 2004 lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambalo jina lake lina shina la Kibantu linalopatikana pia katika neno la Kiswahili utu. Hata hivyo, maelezo ya matatizo ya kila siku, kama hili la kiwambo kuzimika, yamebaki kwa kiasi kikubwa katika Kiingereza. Fundi wa Riruta Satellite husoma kwa Kiingereza kisha humweleza mteja kwa Kiswahili, na hapo ndipo uchaguzi wa maneno unapokuwa na matokeo.

Kwanza ni jina la chombo. "Kihifadhi skrini" ni tafsiri sisisi, nayo inataja kazi ya mwanzo tu. Mteja anayelisikia jina hilo huwaza kioo, hawazi siri wala umeme. Neno kiwambo, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia badala ya skrini, lina utajiri wake: linatokana na kitenzi kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na hubeba pia maana ya kitu kinachositiri. Chombo cha leo kwa hakika hukisitiri kilichomo wakati mwenyewe hayupo. Jina kama "kisitiri kiwambo" lingeeleza kazi hiyo vizuri zaidi, ingawa istilahi hushinda kwa kutumiwa zaidi ya inavyoshinda kwa hoja.

Pili ni kitenzi. Kiswahili hutenganisha waziwazi kuzima, kuzuia na kuahirisha. Fundi anayemwambia mteja "nimekuzimia" amesema jambo la kudumu. Anayemwambia "itajizuia filamu ikicheza" amesema jambo lenye mpaka. Mteja wa kwanza atarudi nyumbani na mashine isiyojifunga, bila kujua. Mteja wa pili ataelewa kwamba ulinzi upo, ila unasubiri. Tofauti ya kitenzi kimoja hapa ni tofauti ya usalama.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kukatizwa kwa video katika Linux hakutokani na ubovu wa mashine. Kunatokana na kipimo kisichotosha: mfumo hupima mkono wa mtumiaji na kudhani kwamba umempima mtumiaji mzima. Njia ya kuzima huondoa kipimo, njia ya kuitikia hukidanganya, na njia ya zuio hukiongezea habari iliyokosekana. Ya tatu ndiyo inayopendekezwa, ikitanguliwa na jaribio la kuhakikisha kwamba zuio linaingia na linaondoka kwa wakati wake.

Kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kuna kazi iliyo wazi. Miongozo mifupi ya mambo kama haya, iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu na kusahihishwa kila mifumo inapobadilika, ingemfaa mwalimu wa tamthilia na mwenye kibanda kwa kiwango kimoja. Wanafunzi hao wanaijua hadhira tuli kuliko mhandisi yeyote. Kilichobaki ni kuwaeleza wenye mashine, kwa lugha yao, jinsi ya kuifanya mashine nayo iitambue.